Duka liko sebuleni, sasa lafungwa saa ngapi?

Kazi yangu ni uhasibu, na wateja wangu wengi hawana duka wala ofisi, wapikia nyumbani, washonea nyumbani, wauzia kwa simu, wako hapa Mombasa, Kisauni, Majengo, Tudor, Likoni huko, na karibu kila mmoja akija na daftari lake kilio ni hicho hicho, muda hautoshi. Mimi siwaanzii na ratiba. Nawaanzia na hesabu, manake mtu asiyejua saa yake moja yamletea shilingi ngapi, hata umpangie ratiba nzuri vipi, wiki haiishi keshaitupa.

Tuseme wewe ni mtu wa keki, moja wauza 2,500. Unga, mayai, siagi, gesi na boksi zimekula 1,200, unabaki na 1,300, wasema alhamdulillahi si mbaya. Haya tia na muda sasa. Kuoka na kupamba saa tatu, alafu kuna kwenda kununua vitu, kuna kuchati na mteja aliyebadilisha rangi weee mpaka akarudi ile ile ya mwanzo, kuna kumngoja bodaboda aliyekwambia "niko hapa Saba Saba" na kumbe hata hajawasha pikipiki. Zikifika saa tano, saa yako moja ni shilingi 260, na kati ya hizo tano mbili hukushika hata mwiko. Hizo mbili ndizo za kufukuzana nazo, oveni iache, haina kosa.

Kubwa hapo ni simu. Kuchati na wateja ni kazi, sawa, lakini ni kazi ya kupewa saa zake kama nyengine. Zipi? Usikisie, chukua stetimenti yako ya M-Pesa uangalie pesa zaingia saa ngapi, kila malipo yana wakati wake pale. Wengi wakiangalia wanaona wateja hulipa mchana watu wakienda lunch, na usiku baada ya isha watu wakishakula, na ile asubuhi yote walokuwa wanajibu meseji kila dakika haikuleta kitu cha maana. Basi jibu nyakati hizo zako mbili, na zilobaki WhatsApp Business ikujibie, ina sehemu ya kuandika ujumbe wa "nitakujibu saa saba" ujitume wenyewe, na katalogi ya bei ndani yake ili usiulizwe "how much" siku nzima. Mteja anayekukimbia kwa kungoja saa mbili, mara nyingi ni yule wa kuuliza bei na kupotea.

La pili ni watu wa nyumbani, na hapa ushauri wa vitabu vya wazungu wa "jifungie chumba chako" mimi siupendi, Mombasa gani hii ya kumwambia shangazi aliyepiga hodi eti niko kazini? Ataingia, atapewa chai, na ndivyo inavotakiwa. Cha kufanya ni kuigawa kazi yenyewe. Kuna kazi ikikatizwa yaharibika, kama kupima na kukata kitambaa, kupima viungo vya achari, kuandika hesabu, na kuna kazi wafanya huku wapiga soga, kupinda marinda, kutia vitu kwenye pakiti, kubandika lebo. Ile ya kwanza iweke baada ya alfajiri mpaka saa tatu hivi, jua halijawa kali na hakuna mgeni, na ile ya pili ingoje alasiri wageni wakianza kuja.

Na kazi ikose mwisho, itajinyoosha tu, Mwingereza Parkinson aliliandika hilo tangu 1955 na halijachakaa. Sisi kengele ya bure tunayo, adhana, na kwa vile tuko karibu na ikweta saa zake hazisogei sana mwaka mzima, so unaweza kabisa kusema oda za leo zafungwa adhuhuri, meza yafungwa magharibi, hata kama wewe si wa kuswali. Ile ya kutega dakika 25 na kupumzika 5, ya yule Mtaliano Cirillo, nzuri kwa makaratasi, lakini unga wa mahamri haujui dakika 25, utaumuka ukitaka.

Diliveri kusanya, safari moja mchana na moja jioni, na anayetaka sasa hivi alipe usumbufu, haswa kama ni ng'ambo ya feri. Stima nayo, Kenya Power wakizima kwa matengenezo kwa kawaida hutangaza mapema, angalia kabla hujajaza friza.

Alafu weka nusu siku ya makaratasi kabla ya tarehe 20. Mauzo yako yakizidi milioni 1 kwa mwaka na hayajapita milioni 25, kuna ile TOT, kodi ya mauzo ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, asilimia 3 ya mauzo (mauzo, si faida!), na yalipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Usiingoje 19 usiku, iTax, ile tovuti ya kodi ya KRA, huwa nzito watu wakijazana, na hiyo ndiyo saa ambayo wateja wangu wote hunipigia pamoja.