Kitakachofika Mbeya katika filamu mpya ya Christopher Nolan

Vijana wanaopita katika chumba changu cha kuhariri video hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, flashi mfukoni, wana maswali mawili kuhusu The Odyssey, filamu ya Christopher Nolan iliyopangwa kutoka tarehe 17 Julai 2026: mzigo utaingia lini madukani, na je, steringi anakufa? La kwanza si langu kulijibu. La pili limekwisha kujibiwa katika utenzi ambao filamu inausimulia, wenye jina hilohilo, wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, uliotungwa zaidi ya miaka 2,600 iliyopita: shujaa wake Odysseus anafika kwao, kisiwa cha Ithaca, anawaua wanaume waliokuwa wakimposa mkewe huku wakila mali yake, kisha anarudiana na Penelope. Kwa kuwa mwisho unajulikana, naona shabiki mwenye hamu ya kweli angeuliza jambo lingine: hadithi hii itasimuliwa kwa namna gani, na ni kiasi gani cha namna hiyo kitakachosalia itakapooneshwa kwenye televisheni ya inchi 32 huku nyanda za juu?

Nianze na usimulizi, kwa sababu hapo ndipo mtazamaji wa Mbeya hatapunjwa chochote. Utenzi huo una vitabu 24, na katika vinne vya mwanzo shujaa mwenyewe haonekani kabisa. Tunamfuata mwanawe, Telemachus, akizunguka kutafuta habari za baba aliyeondoka kwenda vitani Troy miaka 20 iliyopita. Odysseus anaonekana katika kitabu cha tano, akiwa amezuiliwa kisiwani kwa Calypso, mungu mdogo wa kike. Kisha, kuanzia kitabu cha tisa hadi cha 12, anakaa kwenye karamu ya watu wa ugenini na kusimulia kwa kinywa chake mwenyewe mambo yote ambayo watu huyakumbuka: jitu lenye jicho moja, mchawi Circe aliyewageuza wenzake nguruwe, safari ya kuzimu, viumbe wanaoimba ili mabaharia wapotee. Miaka ya kutangatanga inabanwa ndani ya usiku mmoja wa maneno, ilhali nusu nzima ya pili ya utenzi inakwenda kwa mwendo wa pole, siku baada ya siku, nyumbani Ithaca.

Kwa mtu anayekata na kuunga picha kwa riziki yake, mpangilio huo ni kazi ya mhariri iliyofanywa kabla ya kuwapo filamu. Si ajabu basi kwamba Nolan ameuchagua utenzi huu. Katika Memento ya mwaka 2000, matukio ya rangi yanarudi nyuma huku yale ya nyeusi na nyeupe yakienda mbele, na mtazamaji anakuwa sawa na mhusika asiyeweza kukumbuka alichokifanya punde tu. Katika Dunkirk ya mwaka 2017 zinasukwa nyakati tatu, yaani wiki moja ufukweni, siku moja baharini na saa moja angani, mpaka zinakutana mahali pamoja. Wapo wanaosema hizo ni mbwembwe tu. Kwa Tenet ya mwaka 2020 nakubaliana nao, kwa sababu pale nilijikuta nikipiga hesabu badala ya kuwahurumia wahusika. Kwa Dunkirk sikubali hata kidogo, maana hofu ya filamu ile inatokana na kutojua ni nani amechelewa na ni nani bado ana muda. Jennifer Lame, aliyehariri Tenet na Oppenheimer, ndiye anayehariri na hii.

Lakini ipo hila moja ndani ya utenzi ambayo inanivutia kuliko mpangilio wa nyakati. Odysseus ni mwongo, tena mwongo anayesifiwa kwa uongo wake. Akifika Ithaca anamdanganya mchungaji wake wa nguruwe, anamdanganya mkewe, na hata Athena anamtungia kisa, naye mungu huyo wa kike anamcheka na kumpongeza. Sisi tuliosoma habari za Fumo Liyongo shuleni hatushangai, kwani shujaa huyo alitoka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa wala si kwa upinde wake. Swali linalofuata ni la kihariri kabisa: ikiwa jitu na mchawi tunawajua zaidi kwa kinywa cha mtu huyu mwenyewe, mwongozaji atawaonesha kama mambo yaliyotokea, au kama mambo yanayosimuliwa mezani na mgeni anayehitaji kupewa jahazi la kumrudisha kwao? Ukikata kutoka kwenye uso wa msimulizi kwenda baharini bila kurudi, umemwamini. Ukirudi usoni pake mara kwa mara, umetia shaka.

Kuhusu waigizaji sina mengi. Matt Damon ni Odysseus, Tom Holland ni mwanawe, Anne Hathaway yumo, na Lupita Nyong'o, ambaye Afrika Mashariki nzima tunamhesabu kuwa wetu, yumo pia.

Upande wa picha ndiko kwenye hasara. Nolan na mpigapicha wake Hoyte van Hoytema, ambao wamekuwa pamoja tangu Interstellar ya mwaka 2014, wameipiga filamu nzima kwa kamera za IMAX, mfumo wa picha kubwa mno kwa kumbi zenye vioo vikubwa, zinazotumia utepe, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa filamu ndefu ya kuigizwa. Sababu za kutofanywa ni za kawaida tu. Utepe huo hupita kamerani kwa kulala, kila fremu inachukua matundu 15 ya pembeni, na kwa fremu 24 kila sekunde hutumika takriban mita 1.7 za utepe katika sekunde moja; rola ya mita 300 inakwisha ndani ya dakika tatu hivi. Isitoshe, kamera zenyewe hunguruma kiasi cha kufunika maneno ya waigizaji, ndiyo maana tangu The Dark Knight ya mwaka 2008 Nolan alizitumia kwa baadhi ya matukio tu, na mazungumzo ya utulivu akayapiga kwa kamera nyingine. Safari hii zimetengenezwa mpya zenye kelele ndogo. Sisi wa video za harusi, tunaowasha kamera saa nne asubuhi na kuizima keki ikishakatwa, tungeumwa vichwa kwa rola ya dakika tatu, lakini nadhani ufupi huo una faida yake: hakuna anayeruhusu utepe wa bei kubwa hivyo uzunguke huku akiwa bado anafikiri aanzie wapi.

Kopi ya utepe wa namna hiyo haiji Mbeya. Ile ya Oppenheimer, mwaka 2023, ilikuwa na urefu wa kilomita 18 hivi na uzito wa kilo 270 hivi, na kumbi zilizoweza kuionesha dunia nzima zilikuwa kama 30, nyingi zikiwa Marekani na Kanada, na hakuna hata moja iliyokuwa Afrika. Kwa hamu ya viti katika kumbi za aina hiyo, tiketi za The Odyssey zilianza kuuzwa Julai 2025, mwaka mzima kabla.

Sasa tazama umbo la picha, kwani watu wengi hudhani kinachopotea ni ung'avu peke yake. Fremu ya IMAX ni ndefu kwenda juu: kwa kila kipimo kimoja cha kimo, upana ni 1.43. Ukumbi wa kawaida ulionesha Oppenheimer kwa upana wa 2.20, maana yake ni kwamba kwa matukio ya IMAX zaidi ya theluthi moja ya kimo ilikatwa, juu na chini. Televisheni zetu za nyumbani zina upana wa 1.78, na katika diski za Blu-ray za Interstellar, Dunkirk na Oppenheimer matukio ya IMAX yalijaza kioo chote, kwa hiyo kilichokatwa ni kama sehemu moja tu katika tano. Utaratibu huo ukifuatwa tena, mtu wa Uyole, hapa hapa Mbeya, mwenye kopi halali ataona mbingu nyingi zaidi juu ya mlingoti kuliko aliyeketi katika ukumbi wa kawaida Dar es Salaam, ingawa yule wa Dar atakuwa na giza na ukubwa ambao sebule haina. Kopi ya kamera, ile inayorekodiwa kwa siri ukumbini, inapoteza vyote viwili. Muuzaji akikuwekea filamu ambayo vichwa vya watu vimekatwa juu na rangi za usiku zimekuwa kijivu, mrudishie flashi yake.

Sauti nayo inahitaji maandalizi. Nolan hapendi waigizaji warekodi upya maneno yao studioni, anapendelea yaliyosemwa siku ya kupiga picha, na amelaumiwa mara nyingi, hasa kwa Tenet, kwamba muziki unayameza mazungumzo. Katika ukumbi wenye spika nyingi, maneno kwa kawaida hutokea katika spika ya kati, peke yake. Sauti hiyohiyo ikibanwa ndani ya spika mbili na sabufa moja, maneno yanagombea nafasi na muziki wa Ludwig Göransson. Punguza besi ya sabufa kuliko unavyoiweka kwa Bongo Fleva, kisha washa maandishi ya chini.

Naandika hivi nikijua kwamba wengi wetu tutaiona filamu hii kwa sauti ya mtafsiri, bandani, katika baridi la Julai au baadaye. Siwabezi watafsiri, tangu enzi za Lufufu wamekuwa wasanii kamili, na mara nyingine wameiokoa filamu dhaifu kwa mdomo wao. Ila mtafsiri wa banda hutangulia. Mhusika hajafungua mlango, umeshaambiwa nani yuko nyuma yake. Mtu hajamaliza kiapo, umeshaambiwa anadanganya. Katika filamu nyingi hilo halidhuru. Katika hii, shujaa mwenyewe ni msimulizi asiyeaminika, na msimulizi wa pili akikaa juu yake na kukuhakikishia lipi kweli na lipi uongo, amekufanyia ile kazi ambayo mwongozaji alikuachia wewe. Ndiyo maana ningependa mtazamaji aione mara ya kwanza kwa maandishi, na ya mtafsiri iwe ya pili.

Nikiipata, sehemu nitakayoirudia kwanza ni ile ya karamu, kama wameibakiza. Nitasikiliza iwapo sauti ya Damon inaendelea juu ya picha za bahari au inanyamaza punde tu mawimbi yanapoingia, na nitahesabu ni mara ngapi wanarudi mezani kuwatazama wale wanaomsikiliza.