Kibao cha kuchonga: je, kila anachotaka mteja kichongwe?

Mafundi wengi hapa Dar huamini kwamba mteja akishatoa advansi, kazi yako ni kuchonga kila alichoandika: jina, huduma kumi, namba tatu za simu na ua kila pembe. Hapo ndipo tunapomponza. Mteja analipa ili wapita njia wamsome.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kila mita 3 za umbali, kimo cha herufi kiwe kama sentimita 2.5. Aliye ng'ambo ya barabara, mita 30, anahitaji herufi ya sentimita 25. Basi ubao wa mninga wenye kimo cha sentimita 60 utabeba mistari miwili tu. Tena herufi ya kuchonga husomeka kwa kivuli kinachokaa ndani ya mfereji wa patasi. Ikiwa nyembamba mno, mfereji unakuwa wa juujuu, kivuli kinapotea, na kingo zinameguka kufuata nyuzi za mbao. Mbaya kuliko zote ni zile herufi za mapindopindo za kadi za harusi (nimezichonga, nikajuta).

Ila fundi naye asijifanye mwalimu. Mteja akitaka jogoo kwa kuwa marehemu baba yake alifuga kuku, jogoo achongwe. Tafuta tu pa kumweka.

Kubishana hakusaidii. Mimi huchora kibao kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, nikakibandika ukutani, nikamwambia, "Bosi, vuka barabara usome." Namba mbili za simu huzifuta mwenyewe.