Maombi ya Ufadhili wa Uongozi wa Afya: Kamati Inatafuta Nini

Kwa kuwa kazi yangu inanikutanisha na maombi ya wanafunzi wa uzamili katika uongozi wa huduma za afya, jambo linaloniuma ni kuona mwombaji hodari ameandika barua moja na kuituma kila mahali. Skolashipu na feloshipu ni milango miwili, na kila mmoja una swali lake.

Skolashipu inakusaidia kulipia masomo. Chukua zile mbili za American College of Healthcare Executives, chama cha viongozi wa huduma za afya kilichoanzishwa Chicago mwaka 1933. Moja ina jina la Foster G. McGaw, nyingine la Albert W. Dent. Zote huwalenga wanafunzi wa uzamili wanaokaribia mwaka wa mwisho wa masomo ya darasani, na zote hutaka uoneshe kwamba unahitaji fedha. Hapo wengi huona haya, wakaandika mistari miwili ya juujuu. Usione haya. Taja ada, mkopo unaokudai na watu wanaokutegemea, kwa tarakimu.

Dent mwenyewe anafaa kujulikana. Hakuwa daktari. Aliongoza hospitali ya Flint-Goodridge mjini New Orleans, iliyowahudumia Wamarekani weusi enzi za ubaguzi, na katika miaka ya 1930 ikawa na mpango wa bima wa senti moja kwa siku. Hiyo ndiyo kazi ya meneja wa afya: kukaa na hesabu mpaka uone mtu wa kipato cha chini anaweza kulipa nini bila kufukuzwa mlangoni.

Feloshipu ya uongozi ni kitu kingine kabisa. Hii ni ajira yenye mshahara, kwa kawaida mwaka mmoja au miwili baada ya kuhitimu, ndani ya hospitali au mtandao wa hospitali, chini ya kiongozi wa ngazi ya juu. Unakaa kwenye vikao vya bajeti, unazungushwa idara hadi idara, unakabidhiwa miradi halisi. Nchini Marekani hospitali nyingi hupokea maombi kupitia mfumo mmoja wa pamoja uitwao NAFCAS, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu maombi hufungwa miezi mingi kabla ya kazi kuanza. Ukisubiri muhula wa mwisho, umechelewa. Anayependa zaidi sera aangalie feloshipu ya David A. Winston, ambayo humweka mhitimu Washington.

Sasa insha. Sentensi kama “nina shauku ya kuboresha huduma za afya” haimwambii msomaji chochote. Kila mwombaji anayo. Insha moja ilinishika kwa sababu ilianzia kwenye dirisha la dawa. Mwandishi aliona wagonjwa wakingoja mpaka adhuhuri ilhali dawa zipo. Akasimama pale na daftari, akaandika saa ya kila mgonjwa kufika na kuondoka, akagundua kwamba karani wa malipo na mtunza bohari walianza zamu kwa saa tofauti. Akapendekeza zamu zilingane. Kisha akaeleza kwa nini Jumatatu foleni ilibaki ileile, na angejaribu nini baadaye. Hapo nilimwona meneja. Hakuwa na cheo, alikuwa na daftari.

Barua za mapendekezo ziombe mapema, na uziombe kwa mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama cheo chake ni kidogo. Profesa maarufu asiyekufahamu ataandika kwamba ulihudhuria vipindi. Muuguzi mkuu uliyepanga naye zamu ataandika ulivyoitikia siku watumishi watatu walipokosa kufika. Mpelekee maelezo ya ufadhili unaoomba na tarehe ya mwisho, na umkumbushe wiki moja kabla.