Kabla ya Kupanda Mche, Tazama Visiki

Msimu wa kusafisha mashamba unapofika Dodoma, kuna kazi moja ambayo mkulima wa Chamwino au Bahi huifanya bila hata kuifikiria. Anapita na panga akifyeka vichaka vinavyomfikia magotini, anavikusanya, anavitia moto. Mwaka unaofuata vichaka vilevile viko palepale, naye anavifyeka tena. Wapo waliofanya hivyo miaka ishirini katika shamba moja. Ukiwauliza ni nini, watakwambia ni magugu sugu.

Si magugu. Ni miti. Vingi kati ya vichaka hivyo ni visiki vya mlama, mgunga, mpingo au mkwaju uliokatwa zamani, pengine na babu wa huyo huyo mkulima. Shina liliondoka, mizizi ikabaki ardhini ikiwa hai, na kila mvua inapoanza inarudisha machipukizi juu. Mti unajaribu kusimama kila mwaka, na kila mwaka tunauangusha.

Nalisema hili kwanza kwa sababu mazungumzo ya jangwa hapa kwetu huanza na kuishia kwenye miche. Wiki ya kupanda miti inafika, wageni wanakuja, mashimo yanachimbwa, idadi inaandikwa kwenye taarifa. Mimi ni mtaalamu wa misitu na sina ugomvi na mche. Lakini Dodoma inapata mvua ya milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mche uliopandwa Januari una mizizi ya kiganja. Ikifika Julai udongo wa juu umekauka kabisa, na mbuzi wa kijiji wameachiwa mashambani kula mabua. Usipomwagiliwa na kuzungushiwa miiba, haufiki Desemba. Kisiki cha jirani yake kina mizizi iliyokwishashuka chini kwenye unyevu. Hakihitaji kitalu wala ndoo ya maji. Kinahitaji kuachwa.

Jambo hili lilijaribiwa kwa upana mahali pakavu kuliko Dodoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, Tony Rinaudo, alikuwa akiongoza kazi ya kupanda miti Maradi, kusini mwa Niger. Miche mingi ilikufa. Siku moja mwaka 1983 alisimamisha gari ili apunguze upepo wa matairi yapite kwenye mchanga, akatazama kichaka kilichokuwa kando ya njia. Alipokaribia na kuangalia majani yake akagundua kuwa ni mti uliokatwa unaochipua. Akatazama mbele: uwanda mzima aliouona mtupu ulikuwa umejaa visiki hai. Akaacha kuhangaika na miche, akawashawishi wakulima wachache wachague machipukizi na kuyatunza. Wengine waliwacheka. Ilipofika mwaka 2009 hivi, watafiti waliolinganisha picha za angani na hali ya mashambani walikadiria kuwa takriban hekta milioni 5 za mashamba ya Niger zilikuwa na miti iliyorudi kwa njia hiyo, yapata miti milioni 200.

Faida ya kwanza waliyoiona wakulima wale ilikuwa upepo. Zamani mchanga unaopeperushwa ulikuwa ukizika au kukatakata miche michanga ya uwele, mpaka mtu anapanda mara tatu au nne msimu mmoja. Miti iliposimama, wengi wakawa wanapanda mara moja.

Namna ya kufanya si ngumu. Dodoma wengi sasa wanaijua kwa jina la kisiki hai. Baada ya mavuno, kabla ya kuwasha moto wowote, zunguka shamba utambue visiki vinavyochipua. Kwenye kila kisiki acha machipukizi mawili au matatu, hata matano, yaliyonyooka na yenye nguvu, ukate mengine. Hayo uliyoyaacha yapogolee matawi ya chini, usivuke nusu ya urefu. Kata kwa panga kali kutoka chini kwenda juu, ganda lisichanike. Funga kitambaa chenye rangi ya kuonekana, ili kibarua na mchungaji wajue kuwa kichaka hiki kina mwenyewe. Rudi kila baada ya miezi michache uondoe machipukizi mapya. Fito za kupogolea ni kuni. Miaka inavyokwenda unavuna shina moja moja kwa ajili ya boriti, mengine yakiendelea. Kwa miti inayohitaji kibali, kama mpingo, muulize kwanza ofisa misitu wa wilaya.

Kitambaa hakimzuii ng'ombe, na hapo ndipo kazi ya mtu mmoja inapogeuka kuwa kazi ya kijiji. Shinyanga inatufundisha. Misitu yake ilifyekwa kwa miongo mingi ili kuangamiza mbung'o na kufungua mashamba ya pamba, mpaka ikaonekana kama jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, haukuleta kitu kigeni. Ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga kipande cha malisho mvua zinapoanza na kukifungua katikati ya kiangazi nyasi zinapokwisha kwingine. Sheria zake zilipitishwa kwenye dagashida, mkutano wa wenyeji, na sungusungu wakazisimamia. Ngitili zilizokuwa hekta 600 hivi mwaka huo zilifika zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ndani yake miti mingi ilirudi yenyewe, kutoka kwenye visiki na mbegu zilizolala udongoni.

Niger nao walikuwa na kikwazo ambacho si cha mifugo. Kwa sheria iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, mti uliomo shambani ulikuwa mali ya serikali, na mkulima aliyeukata bila ruhusa alitozwa faini. Nani angetunza chipukizi ambalo kesho litamletea askari? Wakulima walianza kutunza pale maofisa walipolegeza mkono, na sheria yenyewe ikabadilishwa mwaka 2004. Kwa maoni yangu hili lina uzito kuliko mbinu ya kupogolea. Kijiji kinachotaka miti kianze kwa kuandika kwenye sheria ndogo zake kuwa kisiki kilichofungwa kitambaa ni cha mwenye shamba.

Swali ninaloulizwa kila mkutano ni la kivuli: je, mtama utaota chini ya miti? Unaota ukipogolea na usipojaza shamba. Lakini upo mti mmoja ambao hauhitaji hata hesabu hiyo, aina ya mgunga iitwayo kitaalamu Faidherbia albida, ambao Wahausa wa Niger huuita gao. Unapukutisha majani mvua zinapoanza, yakarutubisha udongo, na mtama unakua kwenye jua. Kiangazi kikiwa kikali na kila kitu kimekauka, wenyewe unavaa majani mapya, na maganda yake yanaangukia mbuzi.