Ufaransa haijapiga marufuku dini, jamani

Kila habari ya hijabu ikitoka Ufaransa, naletewa sentensi ile ile: "Wafaransa wamekataza dini hadharani." Hapana! Sheria ya tarehe 9 Desemba 1905, iliyotenganisha dini na serikali, inaanza kwa kulinda uhuru wa dhamiri na wa kuabudu. Ibara ya pili ndiyo inayosema Jamhuri haitambui dini yoyote, haiilipi mishahara wala haiipi ruzuku. Anayefungwa mikono hapo ni serikali, si muumini.

Basi kabla ya kubishana, uliza: huyu ni nani, yuko wapi, na anamfanyia nani kazi? Muuguzi wa hospitali ya umma akiwa zamu havai hijabu, wala msalaba, wala kofia ya Kiyahudi, maana mbele ya mgonjwa yeye ndiye serikali. Mgonjwa kitandani anavaa apendavyo, na sheria hiyo hiyo ya 1905 inaruhusu fedha za umma zilipie huduma za kiroho hospitalini na magerezani. Mwanafunzi wa chuo kikuu anavaa. Marufuku ya kufunika uso, ya mwaka 2010, imejengwa juu ya utaratibu wa umma, na faini yake haizidi euro 150. Burkini, vazi la kuogelea linalofunika mwili, ufukweni? Tarehe 26 Agosti 2016 Baraza la Dola, mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala, lilisimamisha amri ya kuikataza iliyotolewa na meya wa mji wa pwani wa Villeneuve-Loubet.

Penye utata wa kweli ni shule za serikali, kuanzia msingi hadi sekondari. Sheria ya 2004 inawakataza wanafunzi kuvaa alama za dini zinazojitokeza waziwazi. Lakini mwanafunzi si mtumishi wa umma! Watetezi wanasema analindwa dhidi ya shinikizo la wenzake na la mtaani. Hoja ina uzito, ila ni hoja ya ulinzi wa watoto, si ya serikali kutofungamana na dini. Mwaka 2023 ikaongezwa abaya, na sasa mwalimu mkuu anasimama getini kuamua kama gauni refu ni vazi la dini au ni mtindo tu. Sijaona kipimo kinachojibu swali hilo bila kwanza kuangalia msichana mwenyewe ni mtoto wa nani. Hapo mimi sina utetezi.

Wenye kudhani serikali haitoi hata senti kwa dini nao wapo. Alsace na Moselle, sehemu za mashariki mwa Ufaransa, zilikuwa chini ya Ujerumani mwaka 1905, kwa hiyo sheria haikuzifikia. Makubaliano ya 1801 kati ya Napoléon na Papa bado yanafanya kazi huko. Serikali inawalipa mapadri, wachungaji na marabi huko. Maimamu hawamo. Walimu wa shule za Kikatoliki zenye mkataba na serikali nao wanalipwa na serikali, tangu sheria ya 1959. Makanisa mengi ya kabla ya 1905 ni mali ya manispaa, na kanisa kuu la Notre-Dame la Paris ni la dola. Waumini wanasali bure, paa likivuja analipa mwenye nyumba. Misikiti, ambayo karibu yote imejengwa baadaye, inajitengenezea paa lake.

Na Mayotte, kisiwa cha Ufaransa kwenye visiwa vya Komoro, hapa hapa jirani kwetu, sheria ya 1905 haitumiki. Makadhi walipokonywa kazi ya kuhukumu mwaka 2010, lakini wamebaki kwenye orodha ya mishahara ya baraza la kisiwa.