Kwa nini puru iliyotoka hudhaniwa kuwa bawasiri?

Kinyama chekundu kikijitokeza kwenye njia ya haja kubwa, wengi husema ni bawasiri, na mara nyingi huwa kweli. Lakini wakati mwingine ni puru yenyewe, yaani kipande cha mwisho cha utumbo mpana, imeteleza ikatoka nje kama mkono wa shati uliogeuzwa. Hapo mtu anaweza kupaka dawa ya bawasiri mwaka mzima asione nafuu.

Siri iko kwenye mikunjo. Bawasiri ni mishipa ya damu iliyovimba, kwa hiyo hutokea kwa mafungu, na mifereji kati yake huanzia katikati kwenda pembeni, mfano wa chungwa lililomenywa. Puru iliyotoka yote ina mikunjo ya mviringo, pete ndani ya pete, na tundu katikati. Ikiwa ni utando wa ndani tu uliotoka, urefu wake kwa kawaida ni sentimita chache, nao ndio unaochanganya hata wataalamu.

Kosa kubwa hufanyika kitandani. Mgonjwa akilazwa ubavu, puru hurudi ndani na daktari haoni kitu. Achuchumae au akae chooni, ajikamue kama anayejisaidia, kisha atazamwe. Picha aliyojipiga kwa simu nyumbani nayo husaidia sana. Hakuna haja ya kuionea haya. Baadaye daktari huingiza kidole kupima nguvu ya msuli unaobana haja, maana wagonjwa wengi huvujisha kinyesi au kamasi. Kwa mtu mzima, utumbo mpana huchunguzwa kwa kamera, kwa kuwa uvimbe unaweza kuwa ndio unaoivuta puru.

Watu wazima wanaopatwa zaidi ni wanawake waliopita miaka 50, hasa wenye historia ndefu ya kufunga choo na kujikamua chooni. Watoto ni habari nyingine: wengi wao hawajafika miaka 4, na chanzo huwa kuhara, utapiamlo, choo kigumu au minyoo mjeledi, ambayo hung'ang'ania ukuta wa utumbo. Chanzo kikitibiwa, watoto wengi hupona bila upasuaji. Mtu mzima ambaye puru yake hutoka yote kwa kawaida huhitaji kupasuliwa, kupitia tumboni au kupitia njia ya haja yenyewe.

Puru ya mtoto ikitoka ikiwa bado nyekundu na yenye unyevu, alazwe, kisha irudishwe taratibu kwa mkono wenye glavu na mafuta ya kulainisha. Ikivimba ikakataa kurudi, hospitalini huweza kunyunyiziwa sukari ya kawaida: hufyonza maji, uvimbe ukapungua. Ikigeuka zambarau au nyeusi, usiisukume. Ifunike kwa kitambaa safi chenye maji, mgonjwa afikishwe hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu damu haifiki tena kwenye nyama ile.