"Sista, mbona ana meno?" Dhana potofu kuhusu bethdei ya mtoto mdogo nyumbani

Sherehe nyingi za watoto hapa Dar es Salaam hufanyika Jumamosi na Jumapili, ndiyo maana Jumatatu asubuhi wodini kwetu huwa na kazi yake ya peke yake. Nimekuwa muuguzi wa watoto kwa miaka 19. Wiki hii nilikuwa namweleza mama mmoja, kampakata mwanawe wa mwaka mmoja na nusu, vyakula vya kumkinga navyo. Nilipofika kwenye karanga akanikatiza: "Lakini sista, mbona huyu ana meno? Anatafuna mpaka mifupa ya kuku." Jibu hilo nimelisikia kwa akina mama, akina baba, bibi na mashangazi, na nimechoka kulisikia mtoto akiwa tayari amelala kitandani na oksijeni puani.

"Ana meno, basi karanga anaweza"

Ana meno gani? Katika umri ule yanayoonekana akicheka ni ya mbele, na kazi yake ni kukata. Karanga inataka kusagwa, na msagaji ni gego. Magego ya kwanza hutoka kati ya miezi 13 na 19, ya pili kati ya miezi 23 na 33, na hata yakishatoka yote mtoto huchukua miaka kujifunza kuyatumia vizuri. Kwa hiyo anachofanya ni kuipasua karanga. Vinabaki vipande viwili vigumu, vinavyoteleza, vimekaa juu ya ulimi.

Sasa mtazame mtoto huyo kwenye sherehe. Anakimbia. Anacheka mdomo wazi. Puto linapasuka, anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu. Mjomba anamrusha juu na kumdaka. Mwenzake anamnyang'anya zawadi, analia. Kila mara hewa inaingia kwa kasi, na kilichokuwa juu ya ulimi kinaifuata. Siku za kawaida mtoto hula amekaa. Siku ya bethdei anakula akikimbia, na tunachompa ni bisi na karanga.

Njia yake ya hewa ni nyembamba na kikohozi chake hakina nguvu ya kikohozi chako. Kitu kikubwa kikikwama juu, una dakika chache tu. Kidogo kikipita, hushuka mpaka kwenye mapafu, mara nyingi upande wa kulia, kwa sababu mrija wa upande huo ni mpana zaidi na umesimama wima. Hapo ndipo familia nyingi hudanganyika. Mtoto anakohoa vikali dakika mbili tatu, macho yanatoka machozi, halafu anatulia na kurudi kwa wenzake. Bibi anasema, "Alhamdulillah, imeshuka." Imeshuka kweli, ila imeshukia pafuni.

Karanga ikiwa humo hunyonya unyevu na kuvimba. Mafuta yake huwasha utando wa mrija wa hewa mpaka nao uvimbe. Siku kadhaa baadaye kinaanza kikohozi, kifua kinapiga miluzi, homa inakuja na kuondoka. Eksirei haiioni karanga yenyewe kama inavyoiona sarafu. Pengine itaonyesha tu pafu moja limejaa hewa kuliko jingine, au limesinyaa. Nilimpokea mvulana wa miaka miwili aliyekuwa ametibiwa nimonia mara mbili na kuanzishiwa dawa ya pumu, yote ndani ya wiki tano. Nilimwuliza mama yake swali moja: kuna siku yoyote alipaliwa? Akafikiri kidogo, akasema, "Siku ya bethdei yake, lakini ilipita." Kilichotolewa kilikuwa nusu ya karanga, imelainika na kuwa ya kahawia.

Kuitoa si jambo dogo. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, bomba gumu lenye taa hupitishwa mdomoni mpaka ndani ya mrija wa hewa, na daktari bingwa wa masikio, pua na koo hukivuta kipande kwa koleo jembamba na refu. Huduma ya namna hii unaitafuta kwenye hospitali kubwa za rufaa, kama Muhimbili, KCMC kule Moshi au Bugando kule Mwanza. Aliye mbali na miji hiyo ahesabu na nauli. Mmarekani Chevalier Jackson, daktari wa Philadelphia aliyeuendeleza sana ufundi huu, aliweka kumbukumbu ya alivyovitoa kwenye koo na vifua vya watu, na vitu 2,374 vimo katika jumba la makumbusho la Mütter katika mji huo. Kuna pini, sarafu, vifungo, mifupa. Kila kimoja kilikuwa cha mtu ambaye nyumbani kwake hakuna aliyedhani lingetokea.

Kwa hiyo kanuni yangu: bisi na pipi ngumu, hapana mpaka afike miaka minne. Kwa karanga nzima na korosho nzima Waingereza husema mitano, nami nawafuata Waingereza. Zabibu ipasuliwe kwa urefu, vipande vinne. Soseji hivyo hivyo, kwa urefu kwanza, kamwe si vile vipande vya duara vinavyolingana sawasawa na koo la mtoto. Na ubuyu! Sijui ni nani aliyeamua kwamba mfuko wa zawadi wa mtoto wa miaka miwili haujakamilika bila ubuyu wa rangi. Ni mbegu ngumu, inayoteleza, ya kumung'unywa, imepakwa sukari ili mtoto asitake kuitema. Nikialikwa kwenye sherehe ya watoto, kwanza nafungua mifuko hiyo na kuutoa, na wenyeji wangu wamezoea.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na karanga. Karanga ni chakula kizuri na katika uji wa lishe iwepo. Utafiti wa LEAP uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto walio katika hatari kubwa ya mzio, wakianza kula karanga mapema wakiwa wachanga, wengi wao hukingwa na mzio wa karanga. Walichopewa watoto wale kilikuwa chakula laini. Isage, ipike kwenye uji, paka siagi yake nyembamba juu ya mkate. Nzima ndiyo ninayoikataa.

"Akipaliwa, mpe maji au tonge la ugali"

Maji na tonge hupita njia ya chakula, na kilichokwama kiko njia ya hewa. Unamwongezea kitu cha pili cha kumpalia. Kuingiza kidole kutafuta usichokiona ni vibaya zaidi, maana unakisukuma chini.

Anayekohoa kwa sauti au kulia, mwache akohoe, kaa naye, usimpigepige. Asiyetoa sauti, anayehangaika kimya huku midomo ikibadilika rangi, huyo ana haja na wewe sasa hivi. Akiwa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisha mgeuze chali, msukume kifuani mara 5, katikati, chini kidogo ya usawa wa chuchu. Akiwa zaidi ya mwaka, mwinamishe mbele, mpige mgongoni mara 5, kisha simama au piga magoti nyuma yake, zungusha mikono, na usukume tumbo mara 5 kwa ndani na juu, juu kidogo ya kitovu. Huyo wa chini ya mwaka tumbo lake usilisukume. Rudia mpaka kitoke. Akizimia, mlaze chini uanze kumkandamiza kifua na kumpulizia hewa, huku mwingine anatafuta usafiri. Jifunzeni kwa mikono, wawili nyumbani, kabla ya kuagiza keki. Na aliyepaliwa akatulia, kisha akabaki na kikohozi au miluzi kifuani, mleteni hospitali na mseme wazi kwamba alipaliwa na alikuwa anakula nini.

"Puto ni kitu laini, litamdhuru nini?"

Ulaini ndio unaodhuru. Kipande cha puto la mpira hujibandika kooni kama kifuniko, na mapigo ya mgongoni hayakiondoi kwa urahisi. Marekani sheria inataka pakiti za maputo ziwe na onyo kwamba watoto chini ya miaka 8 wanaweza kukosa hewa kwa puto lisilojazwa au lililopasuka. Hapa kwetu tunawapa wa miaka mitatu walipulize wenyewe. Yafungeni juu wasikoyafikia, wakubwa ndio wapulize, na likipasuka okoteni vipande palepale kabla wimbo haujaendelea.

"Sukari ya keki imewapandisha wazimu"

Haijawapandisha. Wolraich na wenzake walikusanya majaribio 23 na kuchapisha matokeo mwaka 1995: sukari haibadilishi tabia ya watoto. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine waliwapa wavulana kinywaji kisicho na sukari kabisa, wakawaambia baadhi ya mama zao kwamba kina sukari nyingi. Mama hao wakawaona watoto wao wamechangamka kupita kiasi. Kinachowatibua watoto ni spika, wageni thelathini na usingizi wa mchana uliorukwa. Sukari ina kesi yake kwenye meno, na hapo naishtaki bila huruma, hasa soda.

"Pilau likipashwa moto halina neno"

Wali uliokaa sebuleni tangu mchana, katika joto letu, huota bakteria ambao sumu yao moto hauiondoi. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32, saa moja. Mayonesi na keki ya krimu vibaki kwenye friji mpaka wakati wake.

"Kuna watu wazima ishirini, nani ataacha kumwona mtoto?"

Wote ishirini. Kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Mama yuko jikoni, baba anapokea wageni, dada wa kazi katumwa barafu, shangazi anapiga picha. Na kwenye ujia zimepangwa ndoo za maji zinazosubiri kummwagia mwenye siku yake. Desturi hiyo ina raha kwa vijana. Kwa anayejifunza kutembea, ndoo ni kisima: kichwa chake ni kizito, akiinama na kutumbukia hawezi kujiinua, na sentimita 5 za maji zinatosha kumzamisha. Tena anazama kimya, muziki unaendelea. Ndoo zisijazwe kabla ya wakati, na huyu wa mwaka mmoja au miwili msimmwagie. Ataogopa, na mdomo wake una keki.

Dawa ninayoipenda ni mlinzi wa zamu. Chagueni mtu mmoja, mvisheni kofia ya rangi kali, na kwa dakika 20 kazi yake ni kuwatazama watoto tu, bila simu, bila sahani. Muda ukiisha anamkabidhi mwingine kofia mkono kwa mkono, akimtaja kwa jina.

"Sherehe ni jioni, asubuhi watu hawaji"

Kadi inasema saa kumi, keki inakatwa saa mbili usiku, na mwenye bethdei analishwa kipande macho yamefumba, analia, amechoka. Mtoto anayesinzia na kulia huku anakula ndiye hasa anayepaliwa. Mimi huwaambia waanze saa nne asubuhi. Watoto wakae kwenye mkeka, wale wakiwa wamekaa, ndizi mbivu, tikiti lililotolewa mbegu, chapati laini, keki. Wakimaliza, midomo mitupu, ndipo muziki uwashwe wakimbie. Saa sita mtoto wenu anaoga na kulala, na wakubwa mnakula pilau lenu likiwa bado la moto.